Kukusanya blogu za kikundi kwenye ukurasa mmoja bila kuwanyang'anya waandishi wasomaji wao

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Nairobi, upande wa Buruburu, na ndimi mratibu wa kikundi cha washairi na waandishi wa hadithi. Tuko 23, kila mmoja na blogu yake: wengi wako Blogger, wengine WordPress, wawili Medium, na mmoja huandikia Facebook tu. Tulichanga tukalipia kikoa na nafasi ya tovuti ya pamoja, ile ya bei nafuu yenye cPanel, yaani ukurasa wa kuiendeshea tovuti. Kijana mmoja alitupa mwongozo wa kufunga skripti (programu ndogo) iitwayo Planet Venus ili machapisho yetu yajikusanye yenyewe, lakini kila tukijaribu inagoma. Tutumie nini, na tuifunge vipi? Halafu wenzangu wana hofu: si wasomaji wataacha kwenda kwenye blogu zao?

Jibu:

Mwalimu, naanza na hofu ya wenzako, maana jibu lake ndilo linaloamua uchague skripti gani na uipange vipi. Wasomaji wataacha kwenda kwenye blogu zao iwapo ukurasa wenu wa pamoja utabeba kila chapisho zima, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho. Hawataacha, na huenda wakaongezeka, iwapo ukurasa huo utaonyesha kichwa, jina la mwandishi, tarehe na sehemu ya mwanzo, kisha kiungo cha kumpeleka msomaji kwa mwenye kazi. Muuza magazeti wa Moi Avenue huyatandaza magazeti yake kichwa juu ili mpita njia asome vichwa vya habari akiwa amesimama. Anayetaka habari kamili ananunua. Ukurasa wenu ufanye kazi hiyo ya kutandaza. Mengine yote nitakayokueleza yanafuata hapo.

Jambo lenyewe linavyofanya kazi si gumu. Kila blogu, hata kama mwenyewe hajui, hutoa mlisho: faili ya maandishi iliyopangwa kwa ajili ya kusomwa na programu, yenye orodha ya machapisho ya karibuni, kila moja na kichwa chake, kiungo, tarehe, na ama maandishi yote ama sehemu yake. Mitindo miwili ndiyo iliyoenea. RSS ilianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999, na Atom ikawekwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2005. Huna haja ya kuchagua kati ya hiyo miwili, kwa kuwa skripti yoyote nzuri husoma yote. Kila baada ya muda fulani skripti huipitia milisho yenu, ikayapanga machapisho kwa tarehe, kisha ikaandika ukurasa.

Kijana aliyewaelekeza kwa Planet Venus hakukosea wazo. Planet ya awali, iliyoandikwa na Jeff Waugh na Scott James Remnant, ndiyo iliyozijengea GNOME na Debian, jumuiya za watengenezaji wa programu huria, kurasa zao za pamoja, na Venus ya Sam Ruby ilikuja kuiboresha. Hata hapa kwetu wazo hili si geni: katikati ya miaka ya 2000 wanablogu wa Kenya walikuwa na mahali pao pa kukutania, Kenya Unlimited, palipoasisiwa na Daudi Were. Tatizo la Venus ni umri. Imeandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na Python 2 ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Seva nyingi za leo, yaani kompyuta zinazobeba tovuti, hazina kabisa toleo hilo, na ukilazimisha kulifunga utakuwa unaendesha kitu ambacho matundu yake ya usalama hayazibwi tena. Iacheni, na msiupoteze muda wenu hata siku moja zaidi kuisukuma.

Kwa nafasi mliyolipia, lugha ya programu ambayo hakika ipo ni PHP. Hapo kuna njia mbili za kufikiria.

Ya kwanza ni kufunga WordPress kisha kuiongezea programu-jalizi (kiongezi cha WordPress) ya FeedWordPress. Hii huchota kila chapisho kutoka kwenye milisho na kuliweka ndani ya hifadhidata yenu kana kwamba limeandikwa papo hapo. Ina faida moja ya kweli: unaweza kuiamuru kila chapisho jipya lisubiri mhariri alipitie kabla halijaonekana. Kama kikundi chenu kingekuwa cha watoto wa shule, ningekushauri utumie hiyo bila kusita. Lakini kwa watu wazima wenye blogu zao naiogopa, na sababu yangu ni hii. Mshairi akiandika jambo usiku kwa hasira, akalifuta asubuhi, nakala ya FeedWordPress hubaki kwenu mpaka mtu akumbuke kuiondoa kwa mkono. Akirekebisha kosa la tahajia baada ya wiki mbili, wakati chapisho lake limekwishatoka kwenye mlisho, kwenu kosa linabaki vile vile. Na kwa kuwa nakala ni nzima na iko kwenye tovuti yenye watu wengi zaidi, Google inaweza kuipa nakala yenu nafasi ya juu kuliko kazi asili. Hapo hofu ya wenzako inakuwa imetimia.

Ya pili, ambayo ndiyo ninayokushauri, ni Moonmoon. Ni skripti ndogo ya PHP, ya bure na ya msimbo huria, isiyohitaji hifadhidata. Husoma milisho, huweka nakala ya muda kwenye folda ya akiba, na kutoa ukurasa mmoja. Chapisho likiondoka kwenye mlisho wa mwandishi, kwenu nako linaondoka akiba inaposasishwa. Mwandishi anabaki na neno la mwisho juu ya kazi yake bila kukupigia simu.

Kuifunga kwenyewe ni kazi ya alasiri moja. Pakua faili ya zip ya toleo la karibuni. Ingia cPanel, fungua kidhibiti faili, na ndani ya public_html utengeneze folda, tuseme mkusanyo, uipakie zip humo na kuifungua. Kabla hujaendelea, angalia kwenye sehemu ya kuchagua toleo la PHP kwamba mnatumia toleo ambalo bado linatunzwa, na kwamba viendelezi (nyongeza za PHP) vya curl, mbstring na xml vimewashwa. Weka alama na intl pia, tutaihitaji kwenye tarehe. Curl ndiyo inayoiwezesha seva yenu kwenda kuchota milisho nje, na kampuni nyingine za bei nafuu huizuia kutoka. Ukiona kila mlisho unashindwa, hata wa blogu unayoifungua vizuri kwenye simu yako, usihangaike na skripti: andikia kampuni ya hosti uwaulize kama seva inaruhusiwa kutoka kwenda tovuti nyingine.

Kisha fungua kwa kivinjari anwani ya folda hiyo ukimalizia na install.php. Utaulizwa jina la ukurasa na nenosiri la msimamizi. Ikilalamika kwamba haiwezi kuandika kwenye folda fulani, rekebisha ruhusa ya folda hiyo iwe 755. Utakutana na miongozo inayosema uweke 777. Usiweke, kwa sababu kwenye seva ya kushirikiana na wateja wengine hiyo ni kuacha mlango wazi. Ukimaliza, futa install.php, na folda ya admin uiongezee nenosiri la pili kupitia sehemu ya cPanel ya kulinda folda. Washa pia cheti cha usalama ili anwani yenu ianze na https. Kwenye cPanel nyingi hutolewa bure.

Sasa anwani za milisho. Kazi hii ifanye mwenyewe, usiwaombe wanachama, maana wengi watakutumia anwani ya blogu na si ya mlisho. Kwa WordPress, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani ya blogu. Kwa Blogger, ongeza /feeds/posts/default. Kwa Medium ni hivi:

https://medium.com/feed/@jina

Zipo blogu zinazochanganya mambo. Mwalimu mwenzako anaweza kuwa anaweka mashairi, maswali ya marudio ya kidato cha nne, na tangazo la viatu, vyote mahali pamoja. Usimkatae. WordPress hutoa mlisho wa kila kategoria peke yake, na Blogger hutoa wa kila lebo, kwa hiyo unaweza kuchukua mashairi tu:

https://blogu-yake.com/category/mashairi/feed/
https://blogu-yake.blogspot.com/feeds/posts/default/-/Mashairi

Kwenye Blogger herufi kubwa na ndogo ziandike vile vile zilivyo kwenye lebo. Huyu anayeandikia Facebook tu, skripti haitamfikia, kwa kuwa Facebook haitoi mlisho. Mfungulieni blogu ya Blogger awe ananakili kazi zake humo. Hailipiwi, na hata akaunti yake ya Facebook ikifungwa siku moja mashairi yatakuwa yamesalimika.

Anwani zote zikishaingia, panga kroni, yaani ratiba ya seva. Bila kroni, skripti za namna hii husubiri mtu afungue ukurasa ndipo zianze kuchota, na mtu huyo hukaa akitazama ukurasa mweupe huku seva ikizunguka blogu 22. Kwenye cPanel ingia sehemu ya Cron Jobs uandike:

17,47 * * * * /usr/local/bin/php /home/jina/public_html/mkusanyo/cron.php

Maana yake: kila saa, dakika ya 17 na ya 47, endesha faili hiyo. Badala ya jina weka jina la akaunti yenu. Nimechagua dakika hizo kwa makusudi, kwa sababu watu wengi kwenye seva hiyo hiyo wamepanga kazi zao saa kamili na nusu saa, na seva hulemewa. Mara mbili kwa saa inatosha kabisa kwa kikundi cha washairi. Wako watu wanaoweka kila dakika moja, na kufanya hivyo ni kuzigongea milango seva za wenzenu bila sababu. Tovuti zenye ulinzi mkali zitawafungia, nanyi mtaona jibu la 403. Skripti yenye adabu huuliza kwanza kama mlisho umebadilika tangu mara ya mwisho, na kama haujabadilika seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma chochote zaidi. Wiki ya kwanza iache kroni itume matokeo yake kwa barua pepe yako uyasome. Ukiona 404 au 410, blogu imehama au imefutwa, mpigie mwenyewe. Ukiona 301, imehama na imeacha anwani mpya, nawe ibadilishe kwenye orodha.

Hapo mkusanyo unafanya kazi. Lakini kwa kikundi cha washairi sehemu yenye uzito ndiyo sasa inaanza, nayo ni kiolezo, faili inayoamua kila chapisho lionekane vipi. Kwenye Moonmoon iko ndani ya folda ya custom, kwenye views. Humo utaona mahali ambapo maudhui ya chapisho yanachapishwa yote. Njia ambayo watu huikimbilia ni kuondoa alama zote za HTML, lugha inayoupanga ukurasa wa wavuti, kisha kukata baada ya herufi kadhaa. Kwa habari na insha inafaa. Kwa shairi ni kuliua. Mishororo ya ubeti hutenganishwa na alama ya HTML ya kukata mstari. Ukiziondoa zote, mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja inakuwa sentensi moja ndefu, vina vinapotelea katikati, na msomaji anaona fujo ambayo mshairi hakuiandika. Kwa hiyo kwanza zigeuze alama hizo ziwe mistari mipya, ndipo uondoe nyingine:

$asili = $item->get_description();
$asili = preg_replace('/<br\s*\/?>|<\/p>/i', "\n", $asili);
$asili = html_entity_decode(strip_tags($asili), ENT_QUOTES, 'UTF-8');
echo htmlspecialchars(mb_substr($asili, 0, 400, 'UTF-8'));

Halafu kwenye faili ya mitindo, sehemu inayobeba maneno hayo iongezee white-space: pre-line, la sivyo kivinjari kitaipuuza mistari yako mipya. Herufi 400 zinabeba ubeti mzima wa tarbia na kubakiza nafasi, kwa kuwa mshororo wa mizani kumi na sita mara nyingi hauzidi herufi 50. Kwa nathari zinatosha aya moja fupi.

Tazama mstari wa kwanza: nimetumia get_description, si get_content. Tofauti hii ni ndogo kwenye msimbo na kubwa kwa mwandishi. Mlisho wa WordPress kwa kawaida hubeba vitu viwili kwa kila chapisho, dondoo na maandishi kamili. Mwandishi asipoandika dondoo, WordPress hujikatia maneno 55 ya mwanzo. Akiiandika mwenyewe kwenye kisanduku cha dondoo, hiyo ndiyo inayotoka, na skripti yako ikichukua maelezo badala ya maudhui inachukua kile alichochagua yeye. Mwandishi wa hadithi anaweza kuchagua aya inayovuta, hata kama si ya kwanza. Mshairi anaweza kuweka ubeti wa tatu kama ndio wenye moto. Kwenye Blogger hakuna kisanduku hicho, ila kwenye mipangilio ya mlisho mwenye blogu anaweza kuchagua litoke chapisho lote, au liishie pale alipoweka mkato (alama ya “soma zaidi”), au kitoke kipande kifupi tu. Kaa na wenzako saa mbili Jumamosi moja, muwafundishe wote kutumia dondoo na mkato. Saa mbili hizo zitawafaa kuliko pambo lolote mtakaloongeza kwenye ukurasa.

Jambo la usimbaji wa herufi, yaani jinsi kompyuta inavyoziandika herufi kwa namba, halina budi kutajwa, kwa sababu Kiswahili tunakiona kama lugha ya herufi za kawaida tu, kumbe kuna mtego. Simu na Word hugeuza alama ya ritifaa kwenye ng' kuwa ile iliyopinda. Iliyonyooka huchukua baiti moja, iliyopinda huchukua tatu katika UTF-8, usimbaji ulioenea zaidi kwenye wavuti. Mahali popote ambapo programu moja inadhani ni usimbaji mwingine, ng’ombe anageuka kuwa ngâ€™ombe, na ukurasa mzima unaonekana umeoza. Hakikisha kiolezo kinatangaza UTF-8 kwenye kichwa cha HTML, na ndiyo sababu kwenye msimbo wa hapo juu nimetumia mb_substr na si substr: ya pili hukata kwa baiti na inaweza kuipasua herufi katikati. Kwa wale wanaonukuu tenzi kwa hati ya Kiarabu, uangalifu huu ni wa lazima. Kwenye alama ya html weka pia lang="sw", ili programu za kuwasomea wasioona na za kutafsiri zijue ziko kwenye lugha gani.

Tarehe nazo. Miongozo mingi ya zamani ya PHP itakuelekeza kwenye strftime, ambayo imeachwa tangu PHP 8.1. Tumia hii, ndiyo inayohitaji kile kiendelezi cha intl:

$t = new IntlDateFormatter('sw_KE', IntlDateFormatter::LONG, IntlDateFormatter::NONE, 'Africa/Nairobi');
echo $t->format((int) $item->get_date('U'));

Itakuandikia 3 Juni 2024 na si kwa Kiingereza. Nimeacha saa kwa makusudi. Mashine itaandika 9:00 ikimaanisha saa tatu asubuhi, na msomaji wa Kiswahili ataisoma saa tisa. Kwa mashairi tarehe inatosha. Kuna hitilafu nyingine ya tarehe itakayowatokea siku moja: mtu anaandika shairi la Jamhuri mapema, anakosea mwaka, na shairi lake linakaa juu ya ukurasa miezi kumi na miwili huku mengine yote yakipita chini yake. Ongeza sharti kwenye kiolezo kwamba chapisho lenye tarehe iliyo mbele ya leo lirukwe:

if ($item->get_date('U') > time()) continue;

Kuhusu picha nitakuwa mfupi. Ziache. Wasomaji wenu wengi wako kwenye simu na wananunua data kidogo kidogo, na picha za blogu 22 kwenye ukurasa mmoja ni mzigo. Isitoshe picha hizo huchotwa kutoka seva za waandishi, na zile zenye anwani ya http ya zamani vivinjari vinaweza kuzizuia kwenye ukurasa wa https. Kiolezo nilichokupa huziondoa chenyewe. Huondoa pia kitu cha hatari zaidi: msimbo wa JavaScript uliofichwa ndani ya chapisho. Moonmoon hutumia maktaba ya SimplePie (msimbo uliokwisha kutayarishwa wa kusomea milisho), ambayo kwa kawaida huchuja alama hizo, lakini blogu moja kati ya zenu ikivamiwa na wahalifu, mlisho wake ndio njia ya kuwafikia wasomaji wa wote. Maandishi matupu hayabebi sumu hiyo. Basi mtu akikuomba uruhusu video zionekane moja kwa moja kwenye ukurasa, mkatalie kwa upole na umwonyeshe kiungo.

Sasa ruhusa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi inalindwa mara tu inapoandikwa. Haihitaji kusajiliwa popote. Mlisho kuwa wazi kwa kila mtu hakumaanishi kwamba kila mtu amepewa haki ya kuchapisha upya kilichomo. Ninyi ni marafiki, na kwa sababu hiyo hiyo andikeni. Ujumbe mfupi wa barua pepe au WhatsApp kutoka kwa kila mwanachama unatosha kwa kuanzia, useme hivi: namruhusu mratibu aonyeshe kichwa, jina langu, sehemu ya mwanzo ya machapisho yangu na kiungo cha kuja kwenye blogu yangu, na nikiomba niondolewe niondolewe siku hiyo. Ziweke jumbe hizo mahali pamoja. Kama mnafikiria siku za usoni kuweka matangazo ya kulipiwa, liseme hilo mapema kwenye ruhusa hiyo hiyo, kwa kuwa wapo wanaokubali kusomwa bure na wasiokubali jasho lao limletee mwingine hela. Mtu akiomba kutoka, kumfuta kwenye orodha hakutoshi. Futa na yaliyomo kwenye folda ya akiba, vinginevyo anaweza kuendelea kuonekana kwa muda.

Na kuna taarifa ambazo watu hutoa bila kujua. Katika RSS 2.0, sehemu rasmi ya mwandishi imetengwa kwa ajili ya anwani yake ya barua pepe. Blogu nyingine huijaza. Kiolezo kikichapisha kila kilichomo, barua pepe za wanachama zitakuwa hadharani, na watuma takataka watazizoa. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na mnaokusanya na kuonyesha taarifa hizo ni ninyi. Kwenye orodha ya milisho andika mwenyewe jina la kila mwandishi kama anavyotaka lisomeke, awe anatumia jina lake au lakabu, na kiolezo kichapishe jina hilo la orodha badala ya lile la mlisho.

Anza na blogu tano. Chagua zilizo tofauti: Blogger mbili, WordPress mbili, Medium moja, na mojawapo iwe ya mashairi yenye beti ndefu. Ziangalie kwa wiki moja kwenye simu ya kawaida, si kwenye kompyuta tu, uone mishororo imekaa sawa na viungo vinafika. Rekebisha kiolezo, ndipo uwaingize waliobaki. Orodha yote Moonmoon huihifadhi kwenye faili moja ya mtindo wa OPML (mpangilio wa orodha za milisho), people.opml ndani ya folda ya custom. Kila ukiongeza mtu, ipakue na utume nakala kwa wanachama wengine wawili. Karibu kila programu ya kusoma milisho inaielewa faili hiyo, kwa hiyo hata kampuni ya hosti ikifunga biashara, au wewe ukihamishwa shule ukakosa muda, mwingine anaweza kuusimamisha mkusanyo huo huo kwenye seva nyingine siku hiyo hiyo.